Mshale Uliokuwa Ubavuni mwa Fuko

Jumapili, tarehe 2 Machi. Jua kali, hakuna wingu.

Baba, leo nalifungua daftari uliloniachia. Ulisema kambini kwenu simu haishiki, na kwamba dereva wa lori la vifaa atapita hapa mwisho wa Aprili, nimpe daftari zima akuletee kabla hamjaitwa kusaini mikataba mipya. Ulisema: "Andika yote. Usinichagulie." Naahidi kuandika yote, hata ya kunitia aibu, hata yale ambayo Mama ataona hayafai. Mwalimu wetu wa lugha anasema mwenye shajara ni shahidi, na shahidi hachagui alichokiona.

Nami naikumbuka ahadi yako. Uliisema mlangoni, begi likiwa begani: "Bustani ikisimama msimu huu bila mimi, sisaini tena. Narudi kukaa." Nimeiandika hapa ili isipotee.

Sasa habari ya kwanza, na ni mbaya. Fuko, mashine yetu ya kulimia, amekufa.

Mama alikuwa analima tuta la pili, karibu na bomba. Mimi nilikuwa mbele naokota mawe. Fuko akakohoa mara mbili, kama anavyokohoa siku zote tangu nianze kuzijua mashine, halafu tukasikia mlio mmoja tu, kama sufuria kubwa limeangushwa sakafuni. Kipande cha chuma kikatoboa ubavu wa injini, kikapita karibu na goti langu, kikazama udongoni. Pale kilipozama palifuka moshi. Mama alibaki ameshika mishikio. Hakusogea, nami sikusogea. Oili nyeusi ilikuwa inadondoka kwenye udongo mpya, tukaitazama kama watu wanaomtazama mgonjwa akivuja damu.

Hatimaye Mama akasema, "Kamwite mjomba wako."

Matuta yaliyolimwa ni mawili. Yaliyobaki ni kumi na tisa. Miche kwenye vitalu imetoa majani mawili mawili. Mama anasema mvua haiko mbali, na miche ikichelewa vitaluni itarefuka kama mijusi na kufa. Jembe la mkono daktari alimkataza kwa ajili ya mgongo, unajua mwenyewe.

Jumatatu, tarehe 3 Machi. Jua.

Mjomba amesema anakuja sasa hivi.

Jumanne, tarehe 4 Machi. Jua.

Mjomba bado anakuja sasa hivi.

Alhamisi, tarehe 6 Machi. Jua, upepo kidogo jioni.

Amekuja. Alishuka na sanduku lake la spana, akapiga magoti mbele ya Fuko, akachungulia lile tundu la ubavuni, akapiga mluzi.

"Dada, huyu hakufa kwa ugonjwa. Huyu kapigwa risasi kutoka ndani."

"Acha maskhara," Mama akasema. "Atapona?"

"Injini hii haiponi hata ukiipeleka kwa mganga. Lakini mwili ni mzima. Tunamtia moyo mwingine. Hakuna neno."

Baba, huwa nakereka akisema "hakuna neno". Ndiyo maana mtaa mzima unamwita Fundi Hakunaneno. Paa likivuja, hakuna neno. Geti likianguka siku ya pili, hakuna neno. Wewe ukitengeneza kitu huwa hufungui mdomo, unafanya tu. Nilimtazama nikawaza kwamba kama ungekuwepo wewe, leo tungekuwa tumemaliza.

Alifungua bolti nne, akanyanyua injini ya zamani, akaiweka kwenye gunia. Chini yake kulikuwa na grisi nene kama ugali wa jana. Akaikwangua kwa bisibisi, akapitisha kidole.

"Shemeji alitoboa matundu mengine hapa? Manne ya bolti, haya mengine manne ya nini?"

Mama hakujua. Alisema mashine hii ulikuja nayo kabla hamjaoana, na ulikuwa hupendi mtu mwingine aifungue.

Mjomba ameahidi injini. Ataitoa kwenye pampu ya maji iliyostaafu ya jamaa mmoja, na kwa malipo Mjomba atamlehemea geti. Ni ndogo kuliko ya zamani lakini ina nguvu.

Jumapili, tarehe 9 Machi. Jua. Asubuhi wingu moja lilipita likaenda zake.

Mjomba alinipa kazi ya fremu: kuipiga msasa na kuipaka rangi ya kijani, ili moyo mpya usiingie kwenye mwili wenye kutu. Niliifanya kwa bidii sana. Nilitaka ukirudi usimtambue Fuko kwa uzuri.

Nitaandika jambo dogo. Ubavuni, nyuma ya kile kifuniko cha puli, lile gurudumu la mkanda, kulikuwa na mshale mwekundu, umechorwa kwa brashi. Nilijua ni mkono wako, kwa sababu una mkia wa samaki kama mishale unayochora kwenye masanduku ya mbegu. Umepinda juu ya puli, unaelekea kwenye mishikio, yaani nyuma. Lakini Fuko huenda mbele. Fuko hajui kurudi nyuma. Ndivyo unavyosema kila msimu, kwa kucheka, mtu akikuuliza kwa nini hana gia ya nyuma. Nikaona umekosea. Nikaona aibu kwa niaba yako, kwamba Mjomba atauona na kukucheka. Nikaupaka rangi mara mbili mpaka haukuonekana.

Nimekukumbuka sana leo. Nimekumbuka nilivyokuwa mdogo, ukirudi kazini unanyoosha mguu wa kulia mkekani, nami nahesabu yale makovu yako matatu ya spoku za baiskeli. Moja, mbili, tatu. Mwalimu wa chekechea alishangaa nimefika shuleni najua kuhesabu hadi tatu na siendelei.

Jumatano, tarehe 12 Machi. Mawingu.

Injini haijaja. Miche ina majani manne.

Ijumaa, tarehe 14 Machi. Mawingu, radi mbali.

Injini imekuja! Ni nyekundu, imebebwa kwenye baiskeli na kufungwa kwa mpira kama mtoto. Mjomba alikuwa amekuja na drili ya kutoboa matundu mapya. Akaiweka kwenye fremu ili apime, na bolti zikaingia zenyewe kwenye yale matundu manne yasiyo na kazi. Zote nne. Kama pete kidoleni.

"Mnaona?" akapiga kelele. "Mashine imetusubiri! Hakuna neno!"

Mama alicheka, mara ya kwanza tangu tarehe mbili. Nami nilicheka. Hakuna aliyeuliza matundu yale yaliijuaje injini hii.

Jumamosi, tarehe 15 Machi. Mawingu mazito tangu alfajiri. Mvua haikunyesha.

Naandika kwenye benchi la hospitali, magoti ndiyo meza. Nisamehe mwandiko. Niliahidi yote, basi yote.

Mjomba aliiwasha injini saa tatu bila mkanda. Ilinguruma vizuri, haikukohoa hata mara moja. Akaizima, akafunga mkanda, akarudisha kifuniko. Alitaka kumweka Fuko juu ya matofali kwanza ili makucha ya kulimia yazunguke hewani, lakini radi ikapiga, Mama akatazama juu.

"Niachie," akasema. "Matuta kumi na tisa na mvua iko mlangoni, wewe unataka kucheza na matofali?"

"Basi nianze mimi, dada."

"Mashine yangu, tuta langu. Wewe umeshika injini siku mbili, niachie mimi mishikio."

"Haya. Hakuna neno."

Mimi nilikuwa ukingoni na trei mbili za miche. Mama alivaa yale mabuti yako ya mpira. Mjomba akavuta kamba, injini ikawaka. Mama akabana klachi, ambayo kwa Fuko ukiibana ndipo makucha huzunguka.

Baba, Fuko alirudi nyuma.

Hakurudi taratibu. Alimrukia Mama, kama mbwa wa nyumbani aliyegeuka ghafla. Sikuelewa ninachokiona. Nakumbuka niliwaza kwa utulivu kabisa, "Lakini Fuko hajui kurudi nyuma." Mama alianguka kwa kukaa, mishikio ikampita juu ya kichwa, makucha yakapanda buti la kulia. Mkono wake ulikuwa bado umebana klachi. Baadaye daktari alisema ndivyo mwili ufanyavyo: ukiogopa hukamata, hauachii.

Mjomba aliruka akang'oa waya wa plagi kwa mkono mtupu. Umeme ukampiga, akatupwa chini, lakini waya ulikuwa mkononi mwake na injini ikanyamaza.

Kisha Mama akasema, kwa sauti yake ya kila siku, kama anayeniagiza chumvi, "Angalia usiikanyage miche."

Nilitazama chini. Trei zote mbili nilikuwa nimeziangusha na nimesimama juu yake.

Tulimpakia kwenye mkokoteni wa mboga. Mjomba alisukuma, mimi nilishika mguu. Majeraha ni matatu, yamelala chini ya goti kuelekea kifundoni. Nyuzi kumi na tisa. Nilizihesabu kwa kumsikiliza daktari, kwa sababu sikuweza kutazama. Amesema mfupa umesalimika na kwamba buti ndilo lililouokoa mguu.

Mjomba yuko mwisho wa korido, ameegemea ukuta. Kuna watu wa mtaani waliokuja wanamuuliza, "Ilikuwaje fundi? Hakukuwa na alama yoyote kwenye mashine?" Amewajibu, "Hakukuwa na alama yoyote."

Ndipo nimekumbuka mshale.

Jumapili, tarehe 16 Machi. Mawingu.

Mama amerudi nyumbani. Hatakiwi kukanyaga kwa wiki tatu. Ameniita kitandani.

"Usimwandikie baba yako habari za mguu. Akijua, ataona bustani imetushinda. Atasaini."

Sikusema "ndiyo". Nilisema "nimesikia, Mama".

Habari ya mshale sijamwambia. Sijamwambia mtu.

Jumanne, tarehe 18 Machi. Manyunyu kidogo, udongo haukulowa.

Nililima kwa jembe kuanzia nilipotoka shule. Nusu tuta. Malengelenge manne.

Alhamisi, tarehe 20 Machi. Manyunyu.

Nimemaliza tuta moja na robo. Nilipoinua macho nilimwona Mama amesimama mlangoni kwa mguu mmoja, amejiegemeza kwa jembe lingine. Nilipiga kelele. Sijawahi kumpigia Mama kelele maishani mwangu. Alirudi ndani, na nadhani sote wawili tuliogopa.

Mjomba hajaonekana tangu hospitali. Mama hamtaji kwa jina wala kwa undugu, anasema "yule". Bombani wanamwita Fundi Kinyumenyume. Kuna mama mmoja alitembea kwa kurudi nyuma na ndoo kichwani, wengine wakacheka mpaka wakamwaga maji. Zamani na mimi ningecheka. Leo nilijaza ndoo nikaondoka, masikio yananiwaka. Kila wanapomcheka, naona wanapaka rangi pale pale nilipopaka mimi.

Jumamosi, tarehe 22 Machi. Mawingu meusi upande wa milimani.

Ukurasa huu utakuwa mrefu.

Mama alinituma kusaga nafaka. Mwenye mashine ya kusaga ni yule mama mnene anayeongea kwa kupaza sauti hata mashine ikiwa imezimwa. Aliniuliza hali ya mgonjwa, nikajibu. Akatikisa kichwa.

"Ndiyo hayo. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu."

"Mama anasema guu limeumia, lakini mkuu hakusema kitu," nikajibu. Ni kweli, ndivyo Mama alivyomjibu jirani juzi.

"Hee! Mama yako hata kitandani hashindwi!" Akacheka, akamimina nafaka, akawasha.

Nilikaa juu ya gunia nikautazama mkanda. Nimeuona mkanda ule tangu nikiwa nabebwa mgongoni. Unatoka kwenye mota, unakwenda kwenye kinu, na katikati unajikata, kama namba nane iliyolala. Leo niliona kitu ambacho macho yangu yamekipita miaka yote: gurudumu la mota lilizunguka huku, la kinu likazunguka kule.

Nikasimama. "Mama, kwa nini mkanda huu umevuka?"

"Eti?"

"Kwa nini umevuka?"

"Mota inataka kwenda huku, kinu kinataka kwenda kule!" akapaza sauti. "Ukiuvusha mkanda, ugomvi umekwisha! Aliyeufunga alikuwa baba yangu!"

Niliacha unga palepale. Nilikimbia mpaka kwenye karakana ya Mjomba. Mlango ulikuwa umerudishwa nusu. Alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyofudikizwa, mikono mitupu.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba. Mama yako kakutuma nini? Kama ni kunifukuza ukoo, mwambie nimeshajifukuza."

"Sikutumwa. Mjomba, mkanda uvuke."

"Uvuke nini?"

Meza yake ilikuwa na vumbi la chuma. Nikachora kwa kidole puli mbili na namba nane. Nikamweleza. Injini ya zamani ilizunguka kinyume na injini za siku hizi, na sanduku la gia likaligeuza zunguko lile kuwa mbele. Injini mpya inazunguka kama wenzake, basi gia zinaligeuza kuwa nyuma. Tukiuvusha mkanda, Fuko hatajua kama moyo umebadilika.

Aliutazama mchoro muda mrefu. "Nani kakuonyesha hili?"

"Mashine ya kusaga."

"Mashine ile nimeilehemu miaka minane," akasema polepole. "Nauruka mkanda ule kila mwezi. Sijawahi kuuliza kwa nini umevuka."

Ningeweza kunyamaza hapo. Angenisifu, ningerudi nyumbani shujaa. Lakini nilikuwa nimelibeba neno lile siku saba, na lilitoka lenyewe.

"Mjomba, kwenye fremu kulikuwa na mshale wa Baba, wa kuonyesha puli izunguke wapi. Ulielekea nyuma. Niliupaka rangi."

Nilianza kulia kabla sijamaliza.

"Najua," akasema.

Nikadhani hakusikia.

"Najua, mpwa wangu. Niliuona siku ile ya kwanza nilipofungua kifuniko, kabla wewe hujashika msasa. Unajua nilifanya nini? Nilicheka. Nikasema moyoni, shemeji bingwa wa kila kitu, leo kachora mshale kinyume. Nikaacha. Nilitaka arudi nimtanie."

"Sasa hospitali mbona ulisema hakukuwa na alama?"

"Ningesema ilikuwepo, wangeuliza nani kaifuta." Akafuta vumbi mikononi ingawa mikono haikuwa na vumbi. "Mimi mtu mzima. Jina la Kinyumenyume haliniui. Wewe una miaka kumi na minne, na una mama wa kumtazama usoni kila asubuhi."

Nilikaa chini sakafuni. Baba, nilikuwa nikimwona mtu huyu miaka yote kama mluzi tu, mdomo na "hakuna neno". Hakusema neno, na kumbe ndani yake kulikuwa na hili. Sijui niliweke wapi.

Baadaye akasema, kwa sauti ya kazi, "Mkanda ukivuka utajisugua katikati, utakatika kwa siku mbili. Unataka roda ndogo mbili za kuutenganisha. Ninazo za geti lililoanguka." Akanitazama. "Lile nililosema hakuna neno."

Tukacheka, mimi bado natoa machozi.

Kisha nikakumbuka unga.

Jumapili, tarehe 23 Machi. Mawingu.

Tumemwambia Mama, sote wawili, tumesimama miguuni pa kitanda chake kama watoro mbele ya mwalimu mkuu. Nilisema yangu, Mjomba akasema yake. Alitusikiliza mpaka mwisho.

"Kumbe mmoja aliuona akacheka," akasema, "na mwingine aliuona akaona aibu. Na mimi niliyekataa matofali ndiye nikalipia kwa mguu." Akageukia ukuta. Tulisubiri. Sauti yake ilitoka bila kugeuka: "Wewe mdogo wangu, umekonda. Nenda jikoni ukale."

Hivyo tu. Mjomba alikula sahani mbili akiwa amesimama.

Jumatano, tarehe 26 Machi. Mawingu, joto.

Mkanda mrefu umepatikana. Roda zimelehemewa.

Ijumaa, tarehe 28 Machi. Mawingu yameshuka mpaka juu ya paa.

Matofali yamewekwa. Manne chini ya fremu, Fuko ananing'inia hewani. Mama alitolewa nje kwenye kiti, mguu juu ya ndoo. Aliamuru kila mtu asimame nyuma ya bomba. Mjomba akavuta kamba, akabana klachi kwa fimbo ndefu, akiwa mbali.

Makucha yalizunguka mbele.

Hakuna aliyeshangilia. Tuliyatazama tu, mzunguko baada ya mzunguko, kama tunasubiri yabadili nia. Mjomba akamzima, akamwasha tena. Mbele. Mara tano. Mama akasema, "Tena." Mara ya sita, mbele.

Ndipo nilipomwona Mjomba ameinama akijifanya anakaza bolti, mabega yanatikisika.

Jumapili, tarehe 30 Machi. Asubuhi mawingu. Saa tisa alasiri, MVUA.

Mjomba amelima matuta yote yaliyobaki kwa siku mbili. Mimi nilifuata nyuma yake na miche, Mama akielekeza kutoka kwenye kiti: "Nafasi! Nafasi! Hiyo ni kabichi, si nywele!" Tulikuwa tuta la kumi na nane mvua ilipopiga. Hatukukimbia. Tulipanda matatu ya mwisho ndani ya matope, na Mama alikataa kuingizwa ndani, akajifunika gunia la nailoni na kuendelea kupiga kelele.

Jumatano, tarehe 2 Aprili. Mvua.

Mvua.

Jumatano, tarehe 9 Aprili. Mvua usiku kucha, jua asubuhi.

Tuta la chini limesombwa. Tumepanda upya. Mama anatembea kwa gongo.

Jumapili, tarehe 13 Aprili. Jua na manyunyu.

Jiko la hospitali limetuma mtu kutazama kabichi. Alitembea tuta hadi tuta, akasema watachukua zote. Mama alimsindikiza mpaka getini bila gongo, halafu alipoondoka akakaa chini palepale njiani kwa maumivu, akicheka.

Jumamosi, tarehe 26 Aprili. Jua safi, udongo unanuka vizuri.

Nimeshtuka mara nyingi msimu huu, nikadhani mshtuko umeniisha.

Leo Mama alitoa bandeji kwa mara ya mwisho. Aliketi mkekani, akanyoosha mguu kwenye mwanga wa mlango, mimi nikiwa na bakuli la maji ya uvuguvugu. Makovu matatu, marefu kama kidole, yamelala sambamba kama mistari ya daftari hili. Nilikuwa naosha. Na mdomo wangu, bila kuniomba ruhusa, ukasema:

"Moja, mbili, tatu."

Mkono ukaganda majini.

Mama akanitazama, akautazama mguu wake. Mguu wa kulia, chini ya goti, kuelekea kifundoni.

"Spoku za baiskeli," nikasema.

"Baiskeli," Mama akarudia. Niliona anahesabu, lakini si makovu. "Baiskeli ile tuliinunua pamoja, mwaka uliofuata harusi. Mimi ndiye niliyechagua kengele." Sauti yake ikashuka. "Makovu alikuja nayo harusini."

Mjomba alikuwa mlangoni na spana mkononi. Hakuuliza tunazungumza nini. Alitembea taratibu mpaka kwa Fuko, akainama, akayatazama yale matundu manne yaliyoipokea injini ya pampu kama pete kidoleni. Alibaki ameinama.

"Dada," akaita, "kuna mtu aliwahi kumfunga Fuko injini ya kisasa kabla yangu."

Mama alicheka hadi akashika mbavu. Halafu akaacha kucheka. Kisha akasema neno ambalo sikulitarajia: "Mwandikie. Habari ya mguu, ya mshale, yote. Miaka kumi na saba nimeosha suruali za mtu huyu."

Jumapili, tarehe 27 Aprili. Jua.

Dereva wa lori amefika. Anakunywa chai na Mjomba nje, anasema ataondoka saa nane na atapita tena hapa Alhamisi akirudi.

Bustani imesimama, Baba. Matuta ishirini na moja, hakuna lililo wazi. Jana Mjomba alikwangua rangi yangu ya kijani kwa wembe, taratibu, mpaka mshale wako ukatoka. Chini yake, kwa kuwa injini sasa ni nyingine, nimechora wangu, wenye mkia wa samaki, unaoelekea mbele. Na pembeni nimeandika kwa maneno kamili kwa nini, ili atakayekuja asilazimike kukisia.

Mama amesema nikuambie usisaini. Kisha akasema hapana, nisikuambie, uamue mwenyewe. Nimeandika yote mawili.

Sikukasirika, au nimekasirika kidogo tu. Naelewa kuona aibu. Hata mimi niliona, kwa ajili yako, na angalia ilipotufikisha. Lakini wewe ndiye uliyesema nisikuchagulie. Basi nawe usinichagulie. Kabla ya kalamu yako kugusa mkataba wowote, andika jibu la hili, hata mstari mmoja, umkabidhi dereva huyuhuyu aniletee Alhamisi: yale makovu matatu niliyojifunzia kuhesabu, ni ya spoku za baiskeli kweli?